Mashua ya Mbao Kavu

Mlango wa nyumba yangu ulitengenezwa na Mbaluka mwaka wa tisini na nne, na tangu siku hiyo hakuna nge aliyeingia. Vumbi la Mutomo, ambalo huingia hata kwenye chakula kilichofunikwa, limebaki nje. Ukiufunga mlango ule masikio yanaziba kidogo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani, kwa nitakayoyasimulia, kwamba namdharau jirani yangu. Mimi naitwa Mutindi, ni mwalimu mstaafu, na ninajua tofauti ya mtu asiyejua kazi na mtu anayejua kazi moja kupita kiasi.

Siri ya Mbaluka ni kukausha. Mafundi wengine hukata mti Jumatatu, Ijumaa wamekuuzia kitanda, na kabla ya mwaka kuisha kitanda kimejikunja hadi mume na mke wanabingirika upande mmoja. Mbaluka hupasua mukau, mti wetu wa huku kwenye ukame, akazipanga mbao chini ya paa la mabati na vijiti katikati ili hewa ipite, kisha akaziacha miaka miwili. Mara moja moja huugonga ubao kwa kidole na kutega sikio. Ukilia kama debe tupu, umeiva. Mwongeli, mkewe, husema mbao hizo zimekauka kuliko mahubiri ya mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye simtaji kwa kuwa tunakaa benchi moja.

Baada ya kukausha huunganisha, na hapo ndipo penye maringo yake. Kila akimaliza kazi hutoa kipande cha karatasi mfukoni na kujaribu kukipenyeza kwenye kiungo. Kikikataa, hutabasamu. Nimeishi naye ua kwa ua miaka thelathini na sijamwona akitabasamu kwa sababu nyingine.

Ana jambo la pili: haulizi. Fundi akiuliza, anasema, amekiri hajui. Wakati mmoja alikwenda Kasikeu kumzika binamu yake, akapotea njia, akakataa kuuliza, akaingia kwenye boma la kwanza lenye hema na watu wengi. Alimzika mtu mwingine kabisa, na alirudi nyumbani akisema watu wa huko ni wakarimu sana. Binamu yake alizikwa siku hiyo hiyo, vilima viwili mbele.

Mbaluka na Mwongeli wana mtoto mmoja, Wayua. Nilimfundisha mimi mwenyewe, na nilitamani anirithi chaki. Alisomea ualimu kweli, akafundisha miaka miwili, kisha akaiacha kazi akaenda kuvua samaki katika bwawa la mto Tana, mbali kule kaskazini, kupita Mwingi. Nilinuna mwezi mzima. Baba yake alinuna zaidi.

Wazee wa rika la Mbaluka hawali samaki. Hakuna sheria iliyoandikwa popote. Ni kwamba walikua mahali ambapo mto ni mchanga miezi kumi kwa mwaka, na kitu chenye magamba kisicho na miguu walichokifahamu kilikuwa kimoja tu. Sasa, Krismasi ya miaka mitatu iliyopita, Wayua alikuja nyumbani na sinia ya samaki aliowakausha kwa moshi mwenyewe, akaiweka mezani mbele ya wageni wote. Nilikuwepo. Mbaluka aliiangalia ile sinia, akasema, "Nyoka haiwekwi kwa meza yangu," akaibeba hadi mlangoni na kumrushia mbwa wao, Kamanda, samaki wote wanane.

Kamanda alikula hadi vichwa. Wayua alichukua mkoba wake akaondoka kabla chapati hazijaiva. Hakurudi tena.

Tangu hapo Mwongeli humpigia binti yake simu kila Jumapili baada ya ibada, akiwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, na simu imewekwa spika kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri. Na kila Jumapili, saa hiyo hiyo, Mbaluka hukumbuka kwamba kuna ubao unaohitaji kupigwa randa, na ubao wenyewe uko karibu na jikoni. Anapiga randa taratibu sana, kama anayeogopa kuuamsha ubao.

Jumapili moja mwezi wa nne nilikuwa upande wangu wa ua, nikisikiliza kama kawaida. Sauti ya Wayua ilikuwa inakwaruza. Mashua waliyokuwa wamekodi ilizama katikati ya bwawa. "Ilikuwa na ufa, Mwaitu," alimwambia mama yake. "Wenyewe walijua. Walipaka tu gundi juu wakatupatia. Nilienda chini mara mbili. Istahil ndiye alinishika nywele akanivuta." Istahil ni mwenzake wa kuvua. Mwongeli akaanza kulia na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Randa ilikuwa imenyamaza.

Kesho yake asubuhi Mbaluka alipanda ngazi hadi chini ya paa la karakana na kuanza kuteremsha mbao za mimbari.

Lazima niieleze hiyo mimbari. Kanisa letu lilikuwa limeagiza mimbari mpya, na mbao zake ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote alizowahi kukausha. Mchungaji Kitheka alikuwa akizihesabia miezi, huku akihubiri nyuma ya meza tuliyoazima shuleni, yenye majina ya wanafunzi yaliyochongwa kwa wembe. Nilipoona mbao zinashuka nilimwuliza fundi kama mimbari imeanza. Akaniangalia kwa macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Mwalimu," aliniambia, "mtoto yangu hawezi kufa juu ya ufa ya fundi mwingine."

Akaomba kitabu chenye picha ya mashua. Hakuuliza mashua inaundwaje, angalieni vizuri. Aliomba kitabu. Nilimpa cha Jiografia cha darasa la sita, chenye picha ya wavuvi wa Ziwa Victoria wakitabasamu. Siku mbili baadaye alikirudisha akiwa na kinyongo.

"Hii picha iko na upande moja tu."

"Upande wa pili unafanana na huo."

"Umeuona?"

Sikuwa nimeuona. Akaondoka akitikisa kichwa, kwa kuwa mwalimu mzima nilikuwa nafundisha watoto vitu ambavyo nimeviona upande mmoja.

Basi mashua ikaanza kuinuka uani kwao, kati ya ghala la mahindi na kamba ya nguo, mahali ambapo maji ya karibu yanakuja kwa mkokoteni wa punda. Msidhani utani wa Nuhu ulichelewa. Ulianza siku ya kwanza na kwisha juma la pili, baada ya mchungaji kuutumia kwenye mahubiri na kuuharibu. Watu wakabaki kuja kuangalia tu. Mama mmoja aliuliza kama ni hori la ng'ombe na kama fundi anaweza kumtengenezea dogo. Mbaluka alichonga mbavu, akapinda mbao kwa mvuke wa sufuria ya Mwongeli, akaunganisha ubao kwa ubao kwa subira ya ajabu. Ilimchukua miezi minne. Na niseme ukweli wangu: kilikuwa kitu kizuri. Nilikuwa nikisimama kwenye ua na chai yangu asubuhi nikiitazama tu. Mgongo wake ulikuwa laini, pua imeinuka kidogo, na mtu ambaye hajawahi kuona ziwa angejua kwamba kitu kile kinataka kwenda mahali.

Siku aliyomaliza alitoa karatasi. Alizunguka mashua nzima, kiungo kwa kiungo, na karatasi ikakataa kila mahali. Akatabasamu hadi nikaona jino ambalo sikujua amelipoteza.

Ilibaki kuijaribu. Mtu mwingine angeipeleka majini. Mbaluka alifikiri kwa namna ya watu wa kwetu: kama mashua haipitishi maji kutoka nje, basi haiwezi kupitisha kutoka ndani, na ndani ni rahisi kujaza. Jumapili moja mwezi wa nane alidai tumbo linamsumbua, akabaki nyumbani. Mimi pia nilikuwa nimebaki kwa ajili ya goti langu, ambalo lilikuwa likiuma kweli. Nikamwona anabeba mitungi ya Mwongeli mmoja mmoja, maji ya wiki nzima, mwezi ambao hata vyura wanakunywa kwa zamu, na kuyamimina yote ndani ya mashua.

"Mwalimu!" aliniita. "Kuja uone!"

Nilikwenda. Maji yalikuwa yametulia ndani, safi, na jua lilikuwa likimetameta juu yake. Chini ya mashua mchanga ulikuwa mkavu kabisa. Halikutoka hata tone.

Mwongeli alirudi kutoka kanisani na Biblia mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni, akatoka.

"Baba Wayua. Maji yangu iko wapi?"

"Iko kwa mashua."

"Inafanya nini kwa mashua?"

"Haitoki," alijibu kwa fahari.

Nilidhani atampiga kwa Biblia. Lakini Mwongeli ni mwanamke mwenye akili. Alisimama, akaitazama ile mashua, akapiga hesabu ya umbali wa punda. "Sawa," alisema. "Kama haitoki, basi ikae hapo hapo. Hakuna mtu atamwaga maji yangu." Akachukua jagi lake la plastiki la bluu akalitundika kwenye pua ya mashua.

Kwa siku tatu mashua ya Mbaluka ilikuwa tanki. Mwongeli alichota humo maji ya chai, ya ugali na ya kuosha vyombo. Mbuzi walisimama kwa miguu ya nyuma wakinywa kwa upande wa nyuma. Jioni ya Jumatatu kuku mmoja alitumbukia, akaokolewa, na kwa hivyo naweza kusema chombo kile kilipata ajali yake ya kwanza kikiwa nchi kavu. Fundi alikuwa amekaa kando kwenye kigoda, akiwapokea wageni. Mchungaji Kitheka alikuja kuangalia kilichokuwa mimbari yake, akakubali kwamba kazi ni safi, akaondoka akihema.

Jumatano asubuhi nilikuwa nachagua maharagwe kwenye baraza yangu niliposikia mlio, *tah!*, kama bati lililopigwa jiwe. Ukafuata wa pili. Nilipofika kwenye ua, ubavu wa mashua ulikuwa umetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Mbavu mbili zilikuwa zimekatika katikati. Misumari ilikuwa imechomoza vichwa. Kisha ubao mmoja ukaruka, na maji yote yaliyobaki ya Mwongeli yakapita uani, chini ya ghala, chini ya ua, hadi kwenye sukuma wiki zangu, ambazo hazijawahi kustawi kama zilivyostawi mwezi ule. Mbuzi walifuata wakiramba mchanga.

Mbaluka alitoka na kijiko cha uji mkononi. Alisimama pale, na sikuona kitu cha kucheka, mimi ambaye hukiona kila mahali. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Kwanza alisema misumari ilikuwa bandia. Halafu akasema ni joto. Mchana akaanza kuwafikiria watu wenye wivu, akamtazama hata yule mama wa hori la ng'ombe. Nilivumilia hadi alasiri, kisha nikamwambia kupitia ua, "Mbaluka, mbao ikinywa maji hunenepa. Darasa la nne."

"Mbao yangu hainenepi."

Na hapo nikaelewa. Alikuwa anasema ukweli aliouona. Kwa miaka thelathini na tano amewatengenezea watu wa nchi kame milango, vitanda, mizinga ya nyuki na masanduku ya wafu, na kazi yake yote ilikuwa kupigana na mbao inayosinyaa. Hakuna mlango wake uliowahi kulowa siku tatu mfululizo. Mvua yetu haina adabu ya kukaa hivyo. Alikausha mbao zake hadi tone la mwisho, akazibana hadi pumzi ikakosa pa kupita, halafu akazipa kinywaji. Kadiri fundi alivyokuwa hodari, ndivyo mashua ilivyovunjika vibaya zaidi. Fundi mbovu wa Mutomo angeunda mashua nzuri kuliko yake.

Mwongeli alikwenda kwa jirani wa mbali kuazima maji, akipita mbele ya mumewe kama anayepita mbele ya kisiki.

Jumamosi Mbaluka alinikuta tena na maharagwe kwenye baraza yangu. Alikaa, akatoa simu yake ndogo, akaigeuzageuza. Aliniambia betri ya Mwongeli imeisha, jambo ambalo halikuhusiana na chochote. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba amekaa siku tatu akiangalia zile mbavu, na kila akifumba macho anaona maji yanamfunika mtoto wake, na mashua yenyewe ni yake, Mbaluka, na karatasi haiingii. "Ningempelekea hiyo, Mwalimu. Lori ilikuwa imepatikana. Ningemuua mimi mwenyewe."

Akabonyeza namba. Alikuwa anaijua kwa kichwa.

"Wayua, wakya?" alisalimu simu ilipopokelewa, spika ikiwa wazi.

Sauti ya binti yake, ndogo sana, ikaitikia salamu. "Aa, Baba."

"Kuna kitu nauliza."

Niliacha maharagwe. Hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake kwa miaka thelathini.

"Mtu akijenga mashua," alisema, "kati ya mbao na mbao anaacha nini?"

"Nani anajenga mashua?"

"Mtu."

"Mtu gani, Baba?"

"Mtu tu. Ilivunjika mbavu."

Kumbe Mwongeli hakuwa amemwambia Wayua lolote miezi yote hiyo. Alitaka baba mtu aseme mwenyewe. Nilimsikia Wayua akivuta pumzi.

"Huyo mtu," alisema polepole, "alikausha mbao miaka ngapi?"

"Mbili."

"Na akaunganisha mpaka karatasi haiingii."

"Haiingii kabisa."

Wayua akaanza kucheka. Alicheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine, akapenga kamasi. "Baba, mbao ya mashua inakunywa. Lazima uiachie nafasi ya kunenepa. Ukiibana sana inavunja kila kitu."

"Nafasi kama gani?"

"Kama ukucha hivi."

"Ukucha!" Mbaluka aliruka kwenye kiti. "Hiyo si ni ufa?"

"Ndiyo, ni ufa. Unaweka nyuzi ya pamba na lami kidogo. Siku ya kwanza inaingiza maji, halafu inajifunga."

"Nani anaifunga?"

"Maji yenyewe inafunga."

Aliutazama ukucha wa kidole chake, mbele na nyuma. Mwishowe Wayua alisema atakuja Alhamisi. Mbaluka akasema hakumwita. Wayua akasema anajua.

Alikuja kweli, na nywele zimefungwa kitambaa na mikono migumu kama ya baba yake. Alizunguka mashua mara moja, akapitisha kiganja kwenye mgongo wake, akasema, "Aki ni nzuri," na Mbaluka akageuka kutafuta patasi iliyokuwa mkononi mwake. Mbavu mpya zilichongwa. Kisha ikaja kazi ya kuzifungua zile mbao na kuzipunguza kingo, na hiyo ndiyo iliyokuwa mateso. Ilikuwa kama kumwambia mwimbaji wa kwaya aimbe nje ya sauti kwa makusudi. Anapunguza ubao kwa randa, Wayua anauweka mahali pake, anajaribu kupitisha ukucha.

"Punguza, Baba."

"Nimepunguza."

"Tena."

Anapunguza unyoya mmoja wa mbao, mwembamba wa kuonea jua. "Tena." Siku tatu nzima nilisikia neno hilo. Siku ya tatu, alasiri, randa ikasimama.

"Wayua," Mbaluka alisema, akiutazama ubao, "ile siku ya Krismasi nilikosea. Mbele ya watu. Nilikosea sana."

Nilikuwa upande wangu wa ua, nimeinama, najifanya nang'oa magugu. Sikuthubutu kuinuka. Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na jagi la bluu.

"Najua, Baba," Wayua alisema. Alipangusa macho kwa kiwiko. "Punguza tena."

Mwisho wa mwezi Yarow, mfanyabiashara wa mbuzi anayepita kwetu na lori tupu akielekea kaskazini, alikubali kuibeba. Tulipanda sote, mchungaji akaombea safari na kukumbusha kuhusu mimbari, tukaondoka mashua ikinuka beberu. Niliwaambia nakwenda kama shahidi. Kusema kweli sikuwa na namna ya kusikia kitakachotokea kule kupitia ua wangu.

Bwawa ni kubwa kuliko nilivyolifundisha. Mbaluka alipoliona alikaa chini. Nadhani hakuwahi kuamini kwamba kuna maji mengi hivyo ndani ya kaunti yetu na bado Mwongeli anasubiri punda. Wayua alieleza utaratibu wao: mashua mpya huzamishwa ukingoni siku moja au mbili hadi mbao zinenepe, kisha inatolewa maji na kuanza kazi.

"Kuzamishwa," Mbaluka alirudia.

"Ndiyo, Baba. Iko kawaida."

"Hii haizami."

Aliingia ndani. Mtu ambaye hajui kuogelea, ambaye maji mengi aliyowahi kuingia ni ya beseni, alikaa katikati ya mashua yake na kuamuru isukumwe. Wayua akaifunga kamba kwenye mti, akaisukuma hatua chache tu kutoka ukingoni. Maji yakaanza kuingia kwenye kila ufa, jinsi ilivyosemwa. Yalifika kwenye vifundo vya miguu yake. Mwongeli akapiga kelele, kisha akamrushia jagi la bluu, naye akaanza kuchota na kumwaga nje, kuchota na kumwaga. Wavuvi walikuja kuangalia. Istahil alileta chai kwenye chupa akauliza huyu mzee anafanya nini.

"Anaingoja ijifunge," Wayua alisema.

"Si anaweza kungoja huku nje?"

"Mwambie wewe."

Hakuna aliyemwambia. Kuanzia saa tatu hadi karibu saa kumi alikuwa mle ndani, suruali imelowa hadi magotini, akitazama kati ya mbao. Mara kwa mara aliweka kidole kwenye ufa na kutulia, kama nilivyomwona akisikiliza mbao zake chini ya mabati. Nilimwelewa, ingawa nilikuwa nimecheka tangu asubuhi. Kama mashua ile ilikuwa ya kuzama, ilikuwa izame naye kwanza. Baada ya saa sita mchana alianza kuchota polepole zaidi. Saa tisa alikuwa amelishika jagi tu mapajani.

Kisha tukamwona anaingiza mkono mfukoni. Karatasi ilikuwa imelowa, lakini aliikunja, akainama, akajaribu kwenye kiungo cha chini. Akajaribu cha pili.

"Imejifunga!" alipaza sauti. "Wayua! Ingia sasa!"

"Baba," Wayua alisema, akiwa amesimama hapo tangu asubuhi na nyavu begani, "nimengoja utoke tangu saa tatu."

Alitoka. Wayua na Istahil wakaingia, wakapiga kasia, na mashua ikaondoka bila sauti. Mbaluka alisimama ukingoni akihesabu kila pigo la kasia, midomo ikicheza, hadi ikawa ndogo, ikageuka, ikarudi. Ilipogusa mchanga aliangalia ndani kabla ya kumwangalia mtoto. Ilikuwa kavu. Ndipo akamshika Wayua mabega yote mawili na kulia waziwazi, mbele ya wavuvi, kwa sauti. Mimi nililia pia, na sioni haya kuliandika.

Tulirudi Mutomo kesho yake. Wayua alikuwa amempa mama yake samaki mmoja mkubwa wa moshi, amefungwa gazetini. Sijui ilikuwaje, lakini njia nzima, kutoka Mwingi hadi Kitui hadi kwetu, gazeti lile lilikuwa kwenye mapaja ya Mbaluka, naye amelishikilia kwa mikono miwili kila lori liliporuka shimo.

Kamanda alitupokea langoni. Alinusa hewa, akakumbuka, akamfuata bwana wake unyounyo hadi mlangoni akitikisa mkia na mwili wote. Mbaluka aliingia, Mwongeli akaingia, na mlango ukafungwa. Mlango wenyewe ni kazi yake, wa mukau uliokaa miaka miwili chini ya bati. Haupitishi mwanga wala harufu, kwa hivyo siwezi kuwaambia zaidi. Naweza tu kusema kwamba asubuhi nilipotoka na chai yangu Kamanda alikuwa bado amelala pale kizingitini, amenuna, na hakuna aliyekuwa amemrushia hata mwiba.